Tisa Nne

Saa nane na robo usiku, zamu yangu, Kilindini.
Feni ya dari inakwaruza, chai ya maziwa imeshafanya utando.
Kwenye kioo, boya letu la mlangoni linasema:
mawimbi, mita moja nukta mbili,
upepo wa kusi, wa kawaida.
Chini yake, mstari wa boya la pili,
lile la ng'ambo ya mpaka, maili sitini kusini:
tisa, tisa, tisa, tisa.

Mgeni angedhani huko kuna gharika.
Sisi wa kazi twajua: tisa nne maana yake hakuna.
Si bahari isiyokuwepo. Si boya.
Boya li pale pale, taa yake yakonyeza,
betri mpya, nanga imeshika,
kila nusu saa lapanda, lashuka, lahesabu,
kisha lairusha hesabu yake mbinguni,
na huko mbinguni kuna mlango,
na mlango una nywila,
na nywila imo ndani ya mkataba,
na mkataba una nafasi mbili za sahihi:
moja ina wino,
moja ina vumbi.
Mwaka wa sita huu.

Redio ikaita. Rubani Mselem, sauti ya mtu aliyekwisha vaa jaketi.
"Binti Shee, nje kukoje?"
Nikatazama moja nukta mbili. Nikatazama tisa.
Nikasema, kumetulia, rubani. Nenda.

Wimbi lile halikuwa la upepo wetu.
Lilizaliwa mbali, kwenye tufani isiyotugusa hata kwa wingu,
likatembea siku nyingi, mgongo mrefu, bila povu,
saa sita ya usiku likapita chini ya boya la jirani
likapimwa: mita tatu nukta moja.
Likaandikwa. Likahifadhiwa vizuri sana.
Kisha likaja kwetu bila barua.

Wahenga walisema lisemwalo lipo,
na kama halipo laja.
Hawakutuambia lililopo lisiposemwa huwaje.

Huwa hivi: ngazi ya kamba, ubavu wa meli ya ngano,
mtu kati ya kipago cha nne na cha tano,
mashua yainuka chini yake kama mlango unaofungwa kwa teke.
Mguu wa kulia, mifupa miwili.
Nimekwenda kumtazama Makadara, na machungwa.
Hakuniuliza kitu. Aliyamenya machungwa.

Kidawa wa Tanga alinipigia asubuhi ile,
kwa simu yake, kwa salio lake.
"Shoga, jana mliliona? Sisi tuliliona."
Na hukuniambia!
Kimya. Nikasikia jogoo wa kwao.
"Mwezi wa tano nilikuomba namba za boya lenu la Malindi,
siku ile ya dhoruba. Wakumbuka ulinijibuje?"

Nakumbuka. Nilijibu kwa adabu, kwa karatasi yenye nembo:
*Ombi lako limepokelewa.
Tafadhali pitia ngazi zinazohusika.*
Ngazi. Neno lile nililiandika mimi,
nikalipiga muhuri, nikaenda kununua mahamri.

Sasa tuna utaratibu wetu.
Mkataba umekataza kutuma, kunakili, kusambaza;
haukukataza kubipu.
Mlio mmoja, mita moja.
Yeye anibipu mimi saa sita, mimi nambipu yeye alfajiri,
wanawake wawili wa serikali mbili
kama wasichana wenye wachumba wa siri.
Jedwali rasmi bado lasema tisa nne.
Mimi naandika pembeni, kwa penseli, na asubuhi nafuta.

Nukta hatujui kuzibipu.
Jana simu ililia mara mbili, ikanyamaza.
Nje, rubani mpya alikuwa ashavaa jaketi.
Nikamwambia, ngoja.
Ngoja nini, akauliza.
Sikuwa na la kumjibu.
Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono yote miwili,
nikisikiliza kama kuna wa tatu.