Kanda ya Ghorofa ya Tisa

Roubaix, Novemba. Kanda imetoka Jumatatu;
kufika Alhamisi kila mdomo una lake.
Ghislaine wa duka la mikate: "Matusi matupu!
Hata jina la meya wamelitia chooni."
Padri hajaisikia, keshaikataza.

Messaoud, aliyestaafu kiwanda cha nyuzi na vidole vinane,
anarudisha nyuma wimbo wa nne, anarudisha tena:
"Lifti mbovu, miaka sita. Nani mwingine kaitaja?"

Binti yake hacheki.
"Na sisi wanawake, Baba?
Upande wa pili umesikia tunavyoitwa?"

Mzee kimya. Anaitoa kanda,
anaigeuza,
anakaa.

Huko juu, ngazi mia na sitini,
mama wa mmoja wao
kapunguza sauti. Hajazima.