Kilo Mbili za Maji

Kituo cha kupimia chai kina bati nne tu,
na mvua ya Rungwe haijui kubisha hodi.
Karani anatundika gunia kwenye kulabu,
mshale unatetemeka, unatulia kumi na nane.
Anaandika kumi na sita.
"Mbili za maji," anasema, bila kuinua uso.
Subilaga habishi. Ameyazoea makato haya
kama alivyoizoea ile kandambili yake ya kufungwa kwa waya.

Mimi namsubiri pembeni,
kishikwambi nimekivika mfuko wa nailoni.
Nami nimetumwa kupima.
Miaka mitatu shirika limepiga kelele katika kata hii:
mjane asifukuzwe shambani mume akishazikwa.
Fulana ziligawiwa. Vipaza sauti vilikwaruza mnadani.
Sheria ndogo ikapita halmashauri, kwa kunyoosha mikono.
Sasa mfadhili anataka namba,
na anazitaka kabla mwezi wa sita haujaisha.

Swali la kumi na moja:
kwa kipimo cha moja mpaka tano,
mradi umebadilisha maisha yako kwa kiasi gani?

Anakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Anawaza.
"Shemeji yangu Ambilikile," anasema,
"zamani alikuwa anaingia kwenye migomba yangu
anakata mkungu kama mtu anayechota chumvi jikoni kwake.
Siku hizi akifika mpakani anakohoa.
Anakohoa, anasimama, anangoja niseme karibu.
Hicho kikohozi, mwanangu,
ni namba ngapi?"

Nakitafuta kikohozi kwenye orodha.
Kesi zilizofunguliwa: sifuri, hajawahi kuiona mahakama.
Hati zilizotolewa: sifuri.
Semina alizohudhuria: sifuri,
siku ile alikuwa anachuma;
maneno ya mwezeshaji aliletewa na Tumwitike
wakipukuchua mahindi,
na Tumwitike, kwa anavyojulikana, aliongeza ya kwake.

Nani atahesabu kisichotokea?
Godoro ambalo halikutupwa nje usiku,
watoto ambao hawakupelekwa kwa mjomba Mbozi,
jembe lililobaki nyuma ya mlango uleule.
Jambo lisilotokea halipigwi picha.
Halisaini karatasi ya posho.

Wala sijaja hapa kulipamba shirika.
Kuna Anyisile, aliyesimama mkutanoni
akamtaja baba mkwe wake kwa jina, mbele ya diwani.
Yumo kwenye ripoti ya mwaka wa pili,
jedwali la saba, wanawake waliopaza sauti.
Mkono wake, uliovunjwa wiki iliyofuata, haumo.
Hapakuwa na safu ya mikono.
Uliwekwa chini ya "changamoto", mstari mmoja na nusu,
pamoja na ubovu wa barabara.
Najua. Niliichapa mimi.

Mvua inazidi. Naliacha swali wazi, nagusa "endelea".
Kishikwambi kinakataa: jaza nafasi hii.
Narudi nyuma, naja mbele.
Jaza nafasi hii.
Subilaga ananionea huruma.
"Weka nne," anasema. "Tano ni ya Mungu,
na ukiweka moja watakufukuza."

Naweka nne.
"Ndaga," ananiambia, kana kwamba nimempa kitu.

Kisha analichukua gunia lake tupu,
analisokota kwa mikono miwili, polepole, kama nguo ya mtoto,
juu ya kikombe cha bati cha karani.
Tone, tone, kijito chembamba cha kijani, tone.
Anakiinamisha kikombe nione ndani.
Hakijafika nusu.

Karani anaita jina linalofuata.
Na mimi bado nina kaya thelathini na moja.