Risasi ya Tano

Sikonge, kituo cha polisi, benchi la mbao.
Kila mwezi wa saba naileta bunduki
ndani ya khanga ya marehemu Nyamizi,
maandishi yamefutika, limebaki neno SUBIRA.
Leseni mfukoni. Risasi kwenye kopo la kahawa.
Afande anahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne.
Anahesabu tena.
"Mzee Sizya, mwaka jana zilikuwa tano."

Zilikuwa tano, afande,
miaka sita mfululizo.

Nilikuwa gadi wa treni, behewa la mwisho,
Tabora kwenda Mpanda, Tabora kwenda Kigoma,
bendera mbili kwapani, miaka thelathini na moja.
Kiinua mgongo kilipofika
mgongo ulishakataa kuinuka.
Nikaezeka nyumba Ng'ambo, nikakaa kibarazani
nikisikiliza honi za wenzangu.
Mtu hafi kwa hilo. Haponi pia.

Ndipo wakanipa kambi ya wageni, kando ya Ugalla.
Wakanipa, nasema; hawalipi. Najitolea.
Chumba cha bati, pipa la maji, mbung'o bure.
Bunduki ni yangu. Kibali nilikisubiri miezi kumi na mmoja,
nikaacha alama za vidole tisa na nusu
(nusu nyingine iliachwa Kaliua, kati ya mabehewa mawili).

Kazi yenyewe si bunduki.
Kazi ni kusema: choo kile pale,
usikate mti mbichi,
moto unazimwa kwa maji, hauzimwi kwa ahadi.
Ni kuandika majina kwenye daftari la shule,
na asubuhi kuhesabu vichwa
kama nilivyohesabu mabehewa: yameondoka mangapi,
yamefika mangapi.

Usiku ule walilala kumi na wanne.
Warina asali wanne kutoka Inyonga,
mwalimu na wanafunzi wake saba,
mama mmoja wa Urambo na mwanawe Doto;
Kulwa alibaki kwa bibi.
Saa nane Doto akatoka kukojoa.
Nilikuwa macho. Uzee haulali, unasinzia kwa zamu.
Nikamwona mtoto,
na nyuma ya mtoto nikaona mninga unatembea.

Haukuwa mninga.

Sasa andika hili, afande, au usiandike:
sikushika bunduki kwanza.
Nilishika tochi yenye kioo chekundu,
nikaiinua, mkono umenyooka,
kama nasimamisha treni ya mizigo.
Tembo hakusomea ishara za reli.
Masikio yakafunguka kama milango ya godauni.
Akapiga hatua.

Ndipo.
Juu, kwenye nyota, mbali na hema.
Moja.

Hata vyura walimeza maneno.
Akageuka, bila haraka,
kama mkubwa aliyekatizwa hotuba.
Doto akamalizia kukojoa palepale aliposimama,
na mama yake akatoka akanigombeza:
"Unapigaje bunduki watoto wamelala!"
Nikasema samahani. Nikabandika chai.
Ufunguo wa sanduku la chuma ulikataa kuingia tunduni
mpaka kulipokucha,
wala tundu halikuwa na kosa.

Kwenye fomu, MATUMIZI ni mstari mmoja,
mfupi kuliko kidole changu cha Kaliua.
Afande anaandika: Tembo. Hewani.
"Ganda liko wapi?"

Ganda liko Urambo, afande. Analo Doto.
Alilipuliza asubuhi ile likalia,
nami kabla sijafikiri nilikwisha geuka
kutazama kama milango ya behewa imefungwa.
Nilishindwa kumnyang'anya.

Kalamu inasimama.
"Mwakani uje nalo."
Mwakani, afande.

Nafunga khanga, fundo mbili.
Nje, pikipiki ya kambini wanataka elfu kumi na tano.
Ninazo kumi na mbili.
Kesho wanaingia wageni ishirini
na pipa sijalijaza.