Kisanduku cha Kumi na Nne

Nilifika Klang saa mbili asubuhi, mvua imekatika,
lami ikifuka kama sufuria iliyofunuliwa.
Meneja alinipokea kwa chai ya maziwa,
akanionyesha cheti cha mwaka jana, fremu ya dhahabu.
Mgema akisifiwa, nikajisemea. Sikuimalizia.

Kiwanda hutengeneza glavu.
Mikono ya kauri hupita kwenye reli, maelfu,
vidole chini, huzama katika utomvu,
huibuka imevaa ngozi nyeupe.
Ile haina kwao, wala haiulizi siku ya mshahara.

Fomu yangu ina visanduku arobaini na viwili.
Vizima moto: vipo, vimepakwa rangi jana,
kidole changu kilitoka chekundu.
Sanduku la malalamiko: lipo, karibu na choo,
kufuli limeshika kutu,
buibui amehamia na wanawe.
Cha kumi na nne: wafanyakazi wanajitunzia pasipoti.

"Ndiyo," alisema meneja. "Zimo kabatini, kwa usalama wao."
Na ufunguo?
Akatazama saa.

Nikaomba kuzungumza na Lokendra Chaudhari, mtu wa Dang, Nepali.
Tukapewa chumba chenye ukuta wa kioo;
nje ya kioo msimamizi alifunga kamba ya kiatu
kwa dakika kumi.
"Chakula kizuri. Bweni safi. Bosi mzuri,"
kama mtoto asomaye ubaoni.
Wakala ulimlipa nini?
Akahesabu kwa vidole, mkono chini ya meza:
nyati wa maziwa, nyati wa pili,
kipande cha shamba kando ya mto,
pete ya mama, riba, riba ya riba.
Vidole vikaisha, deni likabaki.
Na ukitaka kurudi nyumbani?
"Nikitaka?" aliuliza,
kama mtu anayeonja neno la kigeni.

Bibi yangu Ponnammal aligema mpira karibu na Ipoh,
kisu kimoja, vikombe mia nne kabla jua halijawaka.
Alivushwa bahari kwa mkopo wa nauli,
akafa akidaiwa mchele.
Utomvu ni uleule, mweupe, unanata.
Siku hizi wanauita mnyororo wa ugavi.
Neno lilijisemea lenyewe, hatukulisikiliza.

Mnunuzi yuko Gothenburg.
Ana tamko la kurasa kumi na moja,
jalada lina picha ya mikono iliyoshikana.
*Hatuvumilii kabisa*, linasema.
Lakini bei ya boksi haijapanda senti mwaka wa tatu,
na muda wa kuleta mzigo umekatwa nusu.
Kweli hawavumilii.
Anayevumilia ni Lokendra.

Sasa niseme nililolikwepa tangu mlangoni:
saini iliyo katika fremu ile ni yangu.
Mwaka jana nilikunywa chai,
nikaamini kabati,
nikatia vema mahali pasipo na wema,
nikawahi treni ya saa kumi.

Safari hii chai ilipoa, ikaota utando.
Niliandika *hapana*, kalamu ikatoboa karatasi.
Sitoki, nikasema, kabla kabati halijafunguliwa.
Simu zikapigwa. Mtu akatumwa. Ufunguo, kumbe,
ulikuwa mfukoni mwa meneja muda wote.

Pasipoti mia tatu na kitu,
zimefungwa mafungu kwa mipira.
Ya Lokendra ilikuwa chini kabisa;
pichani alikuwa na mashavu.
Alifuta mkono kwenye suruali, mara mbili, akaipokea,
akaifungua, akaifunga,
kisha akaniuliza polepole, bila kumtazama mtu wa kamba:
"Na deni?"

Nilipekua fomu mbele na nyuma.
Hakukuwa na mahali pake.
Nikachora kisanduku pembeni, cha arobaini na tatu,
mistari minne iliyopinda,
na chini yake nikaandika:
hiki kijazwe na mnunuzi.