Bakuli la Mbwa

Kiangulio cha kwanza kilitoka kiwandani
ubongo wake umemwagiwa gundi nyeusi.
Kilipougua, fundi wa kampuni alidai nauli
kutoka Nairobi, na malazi,
na mayai ya Mama Kageha, mia moja na themanini,
yakaviza yakimngoja.

Cha pili nimekiunda mwenyewe, hapa Luanda,
nyuma ya duka la mbolea,
kwa mbao alizobakisha seremala wa majeneza.
Ubongo wake hauzidi ukucha wa kidole gumba,
na kumbukumbu yake yote
haitoshi picha moja ya harusi.

Humo nimetia mfumo endeshi usiouzwa.
Wameuandika watu nisiowajua sura,
na mmoja wao, nadhani alikesha,
ameacha neno katikati ya msimbo:
"Usiguse hapa. Nami sijui kwa nini, ila inafanya kazi."
Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kazi nne, jiko moja:
kupima joto, kugeuza mayai,
kuwasha taa, kuandika daftari.
Mfumo unazigawia zamu, chembe ya sekunde,
haya, ondoka, mpishe mwenzio.
Na kando yake yupo mbwa,
mafundi wote humwita hivyo,
mbwa asiyebweka:
akikosa chakula sekunde mbili tu
huzima kila kitu, kikaanza upya.

Usiku wa kumi na moja, saa tisa, mbwa aliuma.
Usiku wa kumi na mbili, saa tisa.
Mama Kageha, kanga mabegani, akauliza,
"Na nani anamnyima huyo mbwa chakula?"
Swali la mtu aliyefuga.

Nikasoma. Umeme umekatika,
tarakilishi inanyonya betri ya bodaboda.
Faili baada ya faili, na hapana mlango uliofungwa.
Nimezoea kubisha, mimi;
mkono ulibaki hewani.

Kumbe saa tisa daftari hujaa.
Mwandishi hushika ufunguo, afungue ukurasa mpya,
kisha huenda kulala nao mfukoni,
na mpima joto amesimama nje, anangoja,
bakuli la mbwa mkononi.

Mstari mmoja: rudisha ufunguo kabla hujalala.

Nikautuma kule mfumo ulikotoka.
Siku nne kimya. Kisha mtu wa jina nisiloweza kulitamka
akajibu: "Umepita. Asante."
Basi huenda sasa upo ndani ya mita ya maji ya mtu,
pampu ya mtu, kengele ya mtu,
mstari wa Luanda, hauna hata lafudhi.

Siku ya ishirini na moja maganda yakaanza kupasuka.
Mama Kageha alihesabu mara mbili, kwa Kimaragoli:
mia moja hamsini na wawili.
"Na hawa ishirini na wanane? Mbwa tena?"

"Mbwa ameshiba, mama.
Hao kamuulize jogoo wako."