Ulimi wa Tela

Hedwig Froese alikuja Jumanne, ngano imekwisha kuvunwa,
akapandisha juu ya mizani yetu ya malori
kigari cha silinda nne
na nyuma yake tela la kulalia, jeupe, dogo,
jino la kwanza la mtoto
katika ufizi mpana wa Saskachewani.

"Kiwanda kinasema kilo mia tano na ishirini.
Wewe unasemaje?"

Mizani haina haya: mia nane na ishirini.
Na kigari kimeruhusiwa kuvuta mia sita themanini, basi.

"Kiwanda kilipima tela tupu," nikamwambia,
"halina maji, halina sufuria,
halijalaliwa na mtu."

Wauza magari wa mjini wana dawa moja:
nunua lori, mama, utavuta hata kanisa.
Lori hataki. Lori aliliuza pamoja na ng'ombe
mwezi mmoja baada ya kumzika Cornelius.
Anakwenda kwa dada yake, Penticton,
na kati yao ipo Milima ya Roki,
isiyosoma karatasi za kiwanda.

Tukafungulia tangi. Lita themanini zikanywewa na vumbi.
Chini ya kitanda, upande wa mbele, sanduku la zana:
kilo sabini za spana
za trekta ambalo halipo, za mkono ambao haupo.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema wasiobeba.
Sisi tulilishusha wawili, tukapumzika mara tatu.

Mia sita sabini! Nikapiga makofi.
Yeye hapana. Akatoa mizani ya bafuni,
akaisukuma chini ya ulimi wa tela, akainama kusoma:
thelathini.
"Haitoshi. Ulimi ukiwa mzito, gari linaketi kitako.
Ukiwa mwepesi, mkia ndio unaoropoka barabarani."
Kisha akacheka, peke yake, kwa muda.
"Kumbe marehemu alikuwa ameukalia ulimi wetu."

Tukahamishia mbele sufuria, viatu vya theluji,
mapichi ya chupa, Biblia ya Kijerumani,
mpaka sindano ikagusa sitini na saba.

Alipokwisha kufunga minyororo
alirudi kwenye sanduku, akapekua,
akachagua spana moja, ya robo tatu,
akaitia mfukoni mwa koti.

Mizani yetu huhesabu kumi kumi.
Haikuona kitu.
Sanduku lipo ofisini kwangu bado. Naegemeza miguu.