Usiku Mustik Alipozaa

Saa kumi alasiri (na alasiri yenyewe ni jina tu)
giza lilikuwa limeshakaa kitako juu ya shamba letu
kama mgeni asiyeulizwa ataondoka lini.
Pampu ilikuwa imeganda tangu Jumatatu.
Mama aliivika gunia, akaimwagia maji ya birika,
ikakohoa mara moja, ikanyamaza.
Basi tukawa tunayeyusha theluji, sufuria baada ya sufuria.
Asiyeijua theluji hudhani ni maji:
ndoo tele hukupa vikombe viwili,
na ndani yake unyasi, na choo cha shomoro.

Baba yuko Tampere, anapiga lipu nyumba za watu.
Hutuma pesa kila tarehe tano,
na kila Jumapili hutuma uso wake kwa simu,
uso wenye saruji kwenye nyusi hata akishaoga.
"Mustik bado?"
"Bado," mama hujibu. "Mwezi wa pili."
Lakini Mustik hakuwa na kalenda.

Taavi, mwenye miaka sita, alitoka kukojoa
akarudi na kiatu kimoja.
"Ng'ombe anaongea peke yake," akasema.

Mti ulikuwa umeangukia nyaya, umeme hakuna.
Nikashika tochi.
Mama akakunja mkono wa sweta, akavua pete ya ndoa,
akatazama huku na huku: nyasi, samadi, giza.
Akaniwekea mdomoni.
"Usimeze."
Ilikuwa baridi kama msumari, ina ladha ya sabuni na kitunguu.

Mkono wake ukazama hadi kiwiko.
Kwato moja. Kwato ya pili haikuja, haikuja,
ikaja.
Bibi Leida akaingia amevaa koti la marehemu babu,
hakuuliza neno, akashika kamba nyuma ya mama,
wakavuta, wakapumzika, wakavuta,
wanawake wawili ambao tangu Krismasi
walikuwa wakisemeshana kupitia kwangu.

Ndama akadondoka akifuka moshi kama kiazi kilichopasuliwa,
akalala tu.
Bibi akachuma unyasi, akamchokonoa puani.
Tukasubiri.
Akapiga chafya, chafya ya mtu mzima,
na Taavi akamwambia, "Afya!"

Zizini masikio yake yangeganda yakakatika.
Tukambeba katika blanketi hadi sauna,
ambayo mawe yake yalikuwa bado na joto la jana,
theluji ikilia krr, krr chini ya viatu,
nyota zimekaribia mno, kama zinachungulia.
Bibi akamsugua kwa taulo letu zuri.
"Nami nilizaliwa humu," akasema, "benchi hilo la chini.
Machi, arobaini na tisa. Malori yalikuwa barabarani.
Mama alinifunika kinywa kwa kiganja, nilie kidogo kidogo."
Hakuwahi kutuambia.
Akaendelea kusugua, sikio la kushoto, sikio la kulia.

Saa nane usiku mama akampigia baba.
"Jike au dume?"
Hakujibu; aliisogeza simu kwenye pua yenye utelezi,
akaiacha hapo.
Tampere kukawa kimya. Tukamsikia akimsikiliza.
Kisha, sauti imeingia mchanga:
"Anakoroma kama Taavi."
Kisha: "Na huyo binti yangu, mbona hasemi?"

Wote wakanigeukia.
Pete ilikuwa bado shavuni, sasa ina joto langu,
nilikuwa nimeisahau, mama pia.
Ningeweza kuitema.
Lakini nilikuwa nimeambiwa nisimeze,
sikuambiwa lini nitoe,
na yeye alikuwa ng'ambo ya bahari iliyoganda nusu,
nami ndiye niliyeshika kitu chake.
"Mmm," nikasema.
"Mmm nini?"
"Mmm," nikasema tena, na mama akaanza kucheka,
akacheka hadi akaegemea bega la bibi,
na bibi akaliacha bega lake palepale.

Pampu iliachia Alhamisi.